Picha ya rangi ya mafuta imeharibika kidogo: maswali tunayoulizwa mara kwa mara hapa Dodoma

Tangu Serikali ilipohamia Dodoma, kuta za kutundika picha zimeongezeka: ofisi za Mtumba, hoteli, nyumba mpya za Ilazo na Kisasa. Picha nyingi zimeletwa kutoka Dar es Salaam na Bagamoyo. Zimetoka kwenye hewa nzito ya pwani zikaingia kwenye ukavu na vumbi la huku, na ndiyo maana maswali yanayotufikia yanafanana sana. Tumeyajibu kwa kirefu pale penye hatari. Majibu haya ni ya madhara madogo, kwenye picha ambayo ni mali yako. Picha ya zamani sana, au ya kanisa, au ya mchoraji mwenye jina, tunaomba sana usiijaribie chochote zaidi ya kuipangusa vumbi.

Picha imepata dhara sasa hivi. Nianze na nini?

Usiguse sehemu iliyoumia. Shusha picha ukutani kwa mikono miwili, ukiishika fremu pande zote mbili, uilaze mezani uso ukiangalia juu. Kama kuna vipande vya rangi vilivyodondoka, viokote kwa brashi laini, hata vile vidogo kama punje ya uwele, uvitie kwenye bahasha na kuandika vimetoka upande gani wa picha. Fundi mzuri anaweza kuvirudisha mahali pake. Rangi iliyopotea hairudi.

Kisha piga picha kwa simu, mbele na nyuma. Baada ya hapo zima taa, washa tochi ya simu na uishike ubavuni mwa picha, mwanga utambae juu ya uso wake. Hapo utaona mambo ambayo mwanga wa mbele unayaficha: kingo za rangi zilizonyanyuka, mabonyeo, mikwaruzo, sehemu ambazo kanvasi, kitambaa kilichochorewa picha, imelegea. Picha yenye kingo za rangi zilizonyanyuka haifutwi, haipigwi brashi, haiguswi kwa kitambaa. Hilo lijue kabla ya jambo lingine lolote.

Kama rangi imeshika vizuri, igeuze uangalie mgongoni. Nyuma ya picha utakuta viraka vya zamani, madoa ya maji, jina la mchoraji na mwaka, pengine muhuri wa duka. Maandishi hayo usiyafute.

Nitajuaje kama ni rangi ya mafuta kweli?

Ukienda duka la vifaa vya ujenzi ukaomba rangi ya mafuta, utapewa kopo la rangi ya milango na madirisha. Wachoraji wengi wa Tanzania wametumia rangi ya namna hiyo. Mtindo wa Tingatinga, alioanzisha Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwaka 1968, ulianza kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hardbodi, na mpaka leo picha nyingi za mtindo huo huchorwa kwa rangi ya kopo, siku hizi juu ya kitambaa. Uso wake ni laini, unang'aa sawasawa, na alama za brashi hazionekani sana.

Rangi ya mafuta ya wachoraji hutoka kwenye tyubu. Ni unga wa rangi uliosagwa ndani ya mafuta, hasa mafuta ya mbegu za kitani, na mara nyingi utaona alama za brashi au kisu zimesimama. Aina ya tatu ni akriliki, inayochanganywa na maji. Ikikauka inakuwa kama plastiki, na kwenye joto inalainika kiasi cha kunasa vumbi. Kwa joto la Dodoma la Oktoba na Novemba, picha ya akriliki isiyo na kinga hushika vumbi ambalo baadaye halitoki kwa brashi.

Kama bado una shaka, angalia ukingo wa kanvasi uliokunjwa pembeni, mahali pasipoonekana. Lowesha kijiti cha pamba kwa spiriti kidogo, ugusie hapo mara moja. Akriliki hulainika upesi na kuacha rangi kwenye pamba. Rangi ya mafuta iliyokauka kwa miaka mingi huwa haifanyi hivyo upesi. Jaribio hili halifanywi usoni mwa picha.

Ndani ya picha kuna nini hasa?

Ukitoka nyuma kwenda mbele: mbao za kuwambia, kitambaa cha pamba au kitani kilichowambwa juu yake, gundi iliyozuia rangi isile kitambaa, tabaka jeupe la msingi ambalo wachoraji wanaita jeso, rangi yenyewe, na mara nyingine vanishi juu. Gundi na kitambaa hucheza na unyevu wa hewa kila siku. Rangi iliyozeeka haichezi. Sehemu kubwa ya nyufa na kubanduka kwa rangi inatokana na ugomvi huo.

Picha imejaa vumbi jekundu. Naifutaje?

Kama tochi imekuonyesha kwamba rangi imeshika, tumia brashi pana yenye manyoya laini sana, safi, isiyotumika kwa kazi nyingine. Simamisha picha wima, iiname mbele kidogo ili vumbi lidondoke chini badala ya kurudi usoni. Piga brashi kwa uzito wake tu, kutoka juu kwenda chini. Vumbi letu lina mchanga ndani yake, kwa hiyo ukikandamiza unasugua picha kwa msasa. Kitambaa hakifai, kwa sababu nyuzi zake hunasa kwenye kingo za rangi. Brashi ile ya manyoya ya kuku nayo hivyo hivyo.

Usisahau mgongo na ubao wa chini. Tutalirudia hilo kwenye mabonyeo.

Brashi haikutosha, uchafu umeganda. Naweza kutumia maji?

Maji ya bomba, hapana. Maji ya Dodoma yana chumvi. Kila mwenye birika anaujua ule ukoko mweupe ndani yake. Chumvi hiyo ikibaki kwenye rangi inaacha utando, na ikiingia kwenye nyufa inakaa humo. Yanayofaa ni maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri. Lakini soma chupa vizuri, maana vituo vya mafuta huuza pia asidi ya betri katika chupa zinazofanana nayo. Asidi hula pamba na kitani.

Kuna kitu kingine ambacho wahifadhi wa makumbusho duniani wanakitumia mpaka leo: mate. Yana joto la mwili na vimeng'enya vinavyolegeza grisi na masizi, na hayana ukali wa sabuni. Unachukua kijiti cha pamba, unakilowesha kidogo kwa mate, unakiviringisha taratibu juu ya eneo dogo pembeni mwa picha. Kiviringishe, usikisugue. Kisha angalia pamba. Ikiwa ya kijivu au kahawia, huo ni uchafu. Ukiona bluu, nyekundu au kijani, acha hapo hapo, kwa sababu unatoa rangi ya mchoraji. Pamba ikichafuka unaitupa na kuchukua nyingine, na mwisho unapitisha kijiti chenye maji yaliyokenekwa kidogo sana. Ni kazi ya polepole, na ndivyo inavyotakiwa iwe.

Tahadhari moja kubwa: picha nyingi za mafuta zilizochorwa karne ya 20 na hii ya 21, ambazo hazikupakwa vanishi, rangi yake huweza kuyeyuka hata kwa maji matupu. Nyekundu na bluu ndizo za kuziangalia zaidi. Kwa hiyo jaribu kila rangi peke yake; nyeupe ikivumilia haina maana nyekundu nayo itavumilia.

Kiazi, mkate, kitunguu, vitambaa vya kufutia watoto?

Vyote hapana. Kiazi na mkate vinaacha wanga unaoita wadudu na ukungu. Vitambaa vya watoto vina mafuta na kemikali zinazobaki. Sabuni ya vyombo, spiriti na thina tusizungumze kabisa.

Kanvasi yangu imelegea, inapepea. Niikaze?

Kwanza tazama kalenda. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na miezi iliyobaki ni mikavu, yenye upepo. Hewa ikikauka, gundi iliyo ndani ya kanvasi hukakamaa na picha inakaza. Mvua ikianza, gundi inalainika na kanvasi inalegea. Picha iliyolegea Januari inaweza kurudi yenyewe Juni bila kuguswa na mtu. Ukiikaza Januari, ukavu wa Julai na Agosti utaivuta mara ya pili juu ya mvuto ulioiongezea wewe, na rangi ndiyo itakayopasuka. Tunashauri picha ikazwe katika miezi mikavu tu, ikiwa bado imelegea wakati huo.

Geuza picha uangalie pembe za mbao. Kama kuna kabari, vile vipande vidogo vya mbao vilivyochomekwa kwenye pembe, basi mbao hizo zimetengenezwa ili zitanuke. Ingiza kipande cha kadibodi kati ya kabari na kanvasi ili nyundo isiguse kitambaa, kisha gonga kila kabari kidogo sana, pembe zote nne kwa zamu. Simama mara tu kanvasi inapoacha kupepea. Haitakiwi ilie kama ngoma.

Fremu nyingi zinazotengenezwa mitaani hazina kabari. Pembe zimepigwa misumari moja kwa moja, tena kwa mbao za paini ambazo hazijakauka vizuri. Mbao hizo zikifika kwenye ukavu wa huku zinapinda, na picha inapinda nazo. Dawa yake ni kuwambwa upya kwenye mbao nzuri, na hiyo ni kazi ya fundi. Kunyunyizia maji mgongoni ili ikaze, kama wengine wanavyoshauri, ni hatari. Kanvasi ikilowa sana inasinyaa ghafla, rangi haisinyai pamoja nayo, na siku chache baadaye unaanza kuokota vipande sakafuni.

Kuna uvimbe au bonyeo. Linatokana na nini na linaondokaje?

Kama uvimbe uko chini kabisa, karibu na ubao wa chini wa fremu, karibu kila mara ni takataka zilizodondokea kati ya kanvasi na ubao: mchanga, vipande vya plasta, kabari iliyochomoka, hata kiota cha nyigu. Vumbi la miaka kadhaa la Dodoma linatosha kabisa kutengeneza uvimbe wa namna hiyo. Simamisha picha, chukua kadibodi nyembamba isiyo na pembe kali, ipenyeze taratibu kati ya ubao na kanvasi, usogeze takataka kuelekea pembeni mpaka zitoke. Mara nyingi uvimbe hupungua wenyewe baada ya wiki kadhaa.

Bonyeo la katikati, lililotokana na kona ya kiti au kitu kilichoegemezwa nyuma, ni jambo lingine. Kama rangi ya hapo haijapasuka, picha ni mpya na kanvasi ni ya pamba, unaweza kujaribu hivi: laza picha kifudifudi juu ya karatasi safi laini, chini ya karatasi pawe na meza iliyonyooka. Lowesha pamba kwa maji yaliyokenekwa, ikamue mpaka ibaki na unyevu tu, uguse mgongoni mwa bonyeo peke yake. Weka karatasi inayonyonya maji juu yake, kisha uzito mdogo, kitabu kimoja kinatosha. Badilisha karatasi kila baada ya muda mfupi mpaka pakauke kabisa. Pasi ya nguo isikaribie. Ikiwa picha ni ya zamani au rangi ni nene, liache bonyeo lilivyo. Bonyeo haliui picha.

Imetoboka. Imechanika. Nifanyeje?

Hili ndilo swali linaloletwa na watu wenye haraka zaidi, na ndilo ambalo haraka inaharibu zaidi.

Ukiangalia kwa karibu mchaniko mpya, utaona nyuzi za kanvasi zimesimama, za mtande (za urefu) na za mshindio (za upana), nyingine zimenyooka, nyingine zimejikunja. Nyuzi hizo ndizo mali yako. Usizikate, usizivute, usizisukume nyuma kwa kidole. Katika uhifadhi wa kisasa, mchaniko huunganishwa uzi kwa uzi chini ya hadubini: kila uzi unarudishwa kwa mwenzake na kuunganishwa kwa tone dogo la gundi. Njia hiyo iliendelezwa na mhifadhi wa Kijerumani Winfried Heiber, na gundi inayotumika sana ni mchanganyiko wa gundi ya kibofu cha samaki aina ya stajoni na uji wa wanga wa ngano. Kazi ikifanywa vizuri, kiraka hakihitajiki kabisa.

Nyumbani, kwa picha yenye thamani, kazi yako ni kuituliza tu. Legeza mvuto kwa kuilaza, usiitundike. Kata kadibodi safi, iingize mgongoni kati ya kanvasi na mbao ili ishikilie sehemu iliyochanika bila gundi yoyote, na ipeleke kwa mtaalamu. Mchaniko unaokaa wazi kwa miezi huanza kufunguka, kwa sababu kanvasi inavutwa pande zote, kwa hiyo usiuache mpaka mwakani.

Kama ni picha uliyoichora mwenyewe, au ya bei ndogo na umeshakubali hasara ikitokea, kiraka kinawezekana. Chukua kitambaa chembamba kuliko kanvasi ya picha, kikate kizidi tundu kwa sentimita 2 hivi kila upande, kisha chomoa nyuzi za pembezoni mpaka kingo ziwe na ndevu. Ndevu hizo ndizo zinazozuia umbo la kiraka lisijichore mbele ya picha baada ya muda. Kiraka chenye kingo kali huonekana mbele waziwazi. Laza picha kifudifudi, kutanisha kingo za tundu, paka gundi ya akriliki ya wachoraji safu nyembamba kwenye kiraka, kibandike, weka karatasi isiyonata na uzito juu mpaka kesho yake. Ujue kwamba gundi hiyo ni ngumu kuitoa baadaye. Wahifadhi wanapenda gundi inayoweza kutolewa, kama BEVA 371 iliyobuniwa na Gustav Berger, inayoshika kwa joto la takriban nyuzi joto 65 za Selsiasi, lakini hiyo ni ya kuagiza kutoka nje na inataka kifaa cha kupima joto.

Nilishaweka selotepu nyuma.

Usiing'oe kwa nguvu. Mwambie fundi ni lini uliiweka. Gundi ya selotepu hupenya kwenye kitambaa na kugeuka kahawia, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kuwa kazi. Supagluu ni mbaya zaidi: inafanya kanvasi kuwa ngumu na haina njia nzuri ya kuitoa. Gundi ya viatu nayo tunaikuta, na inatuumiza kila tunapoikuta.

Rangi ina nyufa. Picha inakufa?

Nyufa peke yake si dharura. Rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji. Inakauka kwa kuungana na oksijeni ya hewani, kazi ambayo huendelea kwa miaka, na uzee wake unaonekana kwa nyufa. Nyufa pana zinazofanana na ngozi ya mamba, kwenye picha mpya, zinatokana na uchoraji wenyewe: mchoraji aliweka tabaka linalokauka haraka juu ya tabaka lenye mafuta mengi ambalo lilikuwa bado bichi. Wanaochora kwa haraka ili wauze wiki hiyo hiyo ndio wanaokutana na hili. Nyeupe ya zinki nayo ina tabia ya kuwa ngumu na kuvunjika ikizeeka.

Dharura ni pale kingo za nyufa zinaponyanyuka na rangi kupukutika. Ilaze picha uso juu, isitundikwe wala kusafirishwa ikiwa wima, na umwite fundi aje ilipo.

Sehemu ndogo ya rangi imetoka. Naweza kupaka mwenyewe?

Mama mmoja alituletea picha ya wanawake wa Kigogo wanaopiga ngoma za muheme. Rangi ilikuwa imebanduka kwenye ngoma moja, ukubwa wa ukucha. Akasema, "Mwanangu, ipake tu yote upya ing'ae." Tukamjibu, "Mama, ngoma hizi nyingine bado ni za mchoraji mwenyewe, tuziache kama alivyoziweka." Akakaa kwenye kigoda akaangalia kazi mpaka mwisho, na tukamweleza kila hatua kama tunavyoieleza hapa.

Kwanza shimo linajazwa. Jeso nzito inawekwa kwa ncha ya kijiti ndani ya shimo tu, isipande juu ya rangi nzima, na inayozidi inapanguswa kwa pamba yenye unyevu kidogo kabla haijakauka. Ikikauka iwe usawa mmoja na rangi ya jirani. Kwenye ile ngoma mchoraji alikuwa ameacha mistari ya brashi iliyosimama, kwa hiyo tuliichora mistari hiyo kwenye jeso kwa sindano ingali mbichi, ikafuata mwelekeo wa ile iliyokatika. Bila hivyo, hata rangi ikifanana kabisa, jicho lingeona doa tambarare kila taa ikiwashwa.

Pili, vanishi nyembamba ya picha inapakwa juu ya jeso ili kutenganisha kazi yako na ya mchoraji. Tatu ndiyo rangi, na hapa wengi hushangaa: usitumie rangi ya mafuta. Mguso wa rangi ya mafuta leo utafanana, lakini baada ya miaka utakuwa umeiva na kugeuka mweusi kuliko jirani zake, na kuutoa utahitaji dawa kali. Tumia rangi za maji au gwashi (rangi za maji zilizo nzito) za wachoraji, kwa brashi nyembamba, kwa vidoti vidogo vidogo. Anza na rangi iliyo nyepesi kidogo kuliko unayotaka. Kuikoleza ni rahisi, kuififisha ni taabu. Rangi ya maji ikikauka huonekana imefifia, na ikipata vanishi hukolea, kwa hiyo ijaribu kwanza kwenye karatasi iliyopakwa vanishi ile ile. Fanya kazi mchana, barazani penye kivuli, maana taa za nyumbani hudanganya njano na bluu.

Na usivuke mpaka wa shimo. Kila milimita unayopaka juu ya rangi nzima ni milimita ya mchoraji uliyoifunika.

Niipake vanishi?

Vanishi ya fenicha, kamwe. Inageuka njano, inakuwa ngumu na kutoka kwake ni kwa kuondoka na rangi. Vanishi ya picha imetengenezwa ili ichafuke badala ya rangi na siku moja iondolewe. Faida yake ilionekana Amsterdam mwaka 1990, mtu alipoimwagia asidi picha ya Rembrandt ya Walinzi wa Usiku: walinzi wa jumba waliimwagia maji haraka, na asidi ikaishia kwenye vanishi.

Picha mpya isubiri miezi 6 hadi 12 kabla ya vanishi, na yenye rangi nene zaidi ya hapo. Kwa Dodoma chagua asubuhi na mapema kabla upepo haujaamka, funga madirisha, nyunyizia maji sakafuni ili vumbi litulie, na upake safu moja nyembamba. Picha za Tingatinga za rangi ya kopo hazihitaji vanishi.

Nilihifadhi picha kabatini, imegeuka njano.

Mafuta ya kitani hugeuka njano yakikaa gizani. Itundike mahali penye mwanga wa kawaida usio wa jua la moja kwa moja, kwa wiki kadhaa. Sehemu kubwa ya njano hiyo itapungua bila kuguswa.

Ukungu, mchwa, inzi na popo?

Ukungu: itenge picha na nyingine, ikaushe kwenye chumba chenye hewa, isianikwe juani, kisha pangusa nje ya nyumba kwa brashi laini ukiwa umevaa barakoa. Mchwa: ukiona unga au udongo kwenye mbao, toa picha ukutani siku hiyo hiyo na uangalie ukuta wenyewe, kwa sababu ndiko wanakotoka, dawa ya kupuliza isielekezwe kwenye picha. Madoa ya inzi na kinyesi cha popo au mjusi vina ukali unaokula rangi. Kinyesi kikavu kinachobanduka chenyewe kiondoe kwa ncha ya karatasi ngumu, kilichoganda mwachie fundi.

Nyumbani nitundike wapi?

Ukuta wa ndani, usiopigwa na jua la mchana upande wa nje. Nyumba ya bati lisilo na dari ina joto kali juu karibu na paa, kwa hiyo shusha picha chini kidogo. Mbali na jiko la mkaa, mbali na dirisha la upande wa upepo. Bandika vipande vidogo vya kizibo nyuma ya pembe za chini ili hewa ipite kati ya picha na ukuta, na funga mgongo wa fremu kwa kadibodi safi ngumu. Kadibodi hiyo peke yake inazuia vumbi, mabonyeo na wadudu kuliko kitu kingine chochote tunachokijua, na gharama yake ni ndogo sana. Kama una fedha ya kufanya jambo moja tu kwa picha zako mwaka huu, fanya hilo.

Kuna hatari kwangu mimi?

Ndiyo. Rangi nyeupe za zamani zina madini ya risasi, na baadhi ya njano na nyekundu zina kadimiamu, nayo pia ni metali yenye sumu. Usipige msasa rangi, usikwangue ukapuliza. Na matambara yenye mafuta ya kitani yakirundikwa hupata joto yenyewe mpaka kuwaka moto. Yatandaze nje yakauke, au yatumbukize kwenye ndoo ya maji kabla ya kuyatupa.

Njia hizi zinafaa kwa michoro ya miambani Kondoa?

Hapana, hata moja. Michoro ya Kolo na maeneo jirani, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, iko juu ya jiwe, haina kanvasi wala vanishi, na inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Hata kuinyunyizia maji ili ionekane vizuri kwenye picha ya simu kunaiharibu. Ukiona dhara, mwambie mlinzi wa kituo.

Nimepata mtaalamu Dar es Salaam. Naisafirishaje?

Kama rangi haipukutiki, iache kwenye mbao zake. Funika uso kwa karatasi laini isiyonata, kisha kadibodi mbele na nyuma zinazozidi ukubwa wa fremu, kisha plastiki yenye mapovu nje kabisa. Mapovu yakigusa rangi kwenye joto huacha alama za duara. Kwenye basi isikae kwenye buti chini ya mabegi. Treni ya umeme ina mtikisiko mdogo zaidi, na picha ya ukubwa wa kati unaweza kuishika mwenyewe, ikiwa wima.

Ikibidi kuviringishwa, rangi iwe upande wa nje, juu ya bomba nene. Watu wengi huificha rangi ndani wakidhani wanailinda, lakini ikiwa ndani inabanwa na kupasuka. Ikifika, mwombe aipokeaye asiifungue papo hapo. Ikae ndani ya vifungashio vyake mpaka kesho yake, izoee hewa ya pwani taratibu.